Mafuta ya karafuu katika sabuni na mishumaa

Mafuta ya karafuu hutolewa kwa mvuke kutoka kwenye karafuu, majani au makonyo ya mkarafuu (*Syzygium aromaticum*). Pemba, kiwanda cha makonyo kipo Wawi. Harufu kali ya mafuta hayo hutokana hasa na yujenoli, na hiyo ndiyo inayomsumbua mtengeneza sabuni: uji wa mafuta na kostiki soda hukaza ghafla, pengine kabla haujamiminwa kwenye kalibu. Kwa hiyo karafuu hutiwa mwisho, uji ukiwa umepoa kidogo, huku kalibu zikiwa tayari.

Kipimo ni kwa mizani, si kwa kifuniko cha chupa. Kwa bidhaa za ngozi, nusu asilimia inatosha, yaani gramu 5 kwa kilo, ikizidi huwasha. Kamwe mafuta haya yasidondoshwe peke yake kwenye maji ya kuoga, kwani hayachanganyiki na maji na huweza kuunguza ngozi. Kwa harufu, mchaichai huchanganyika nayo vizuri.

Mshumaa huhimili manukato mengi zaidi, kwa kawaida asilimia 6 hadi 10 ya nta ya soya. Utambi huchaguliwa kwa upana wa chombo. Mafuta yenyewe huhifadhiwa kwenye chupa ya kioo cheusi, maana hulainisha baadhi ya plastiki.