Mtoto Mmoja, Vitabu Viwili: Historia ya Kusoma Katika Nchi ya Wales

Mwenye daftari na alishike, maana leo iko miaka kadhaa ya kuandika, na mwisho wa somo kuna maswali ya kuzungumza katika vikundi vyenu.

Wazazi wengi huuliza: Mtoto mdogo aanze kusoma kwa lugha gani, ile ya nyumbani au ile ya mitihani na kazi? Na akifundishwa zote mbili, je, hatachanganyikiwa? Swali hili si letu peke yetu. Leo tutaona jinsi lilivyojibiwa katika nchi ndogo ya Wales: kwanza vizuri, kisha vibaya, kisha vizuri tena.

Wales iko upande wa magharibi wa kisiwa cha Britania, imepakana na Uingereza. Ni nchi ya milima na kondoo, na zamani ilikuwa na machimbo mengi ya makaa ya mawe. Wenyeji huitwa Wawelisi, na lugha yao ni Kiwelisi. Kiwelisi si lahaja ya Kiingereza. Ni mojawapo ya lugha za Kikelti, na mizizi yake ilikuwako kisiwani kabla Kiingereza hakijafika.

Mwaka 1536, zamani za Mfalme Henry wa Nane, sheria iliamuru kwamba Kiingereza ndicho kitumike mahakamani Wales, na asiyekitumia asipewe cheo. Lakini watu wa kawaida hawakuelewa yaliyosomwa kanisani kwa Kiingereza. Kwa hiyo, mwaka 1563, Bunge liliagiza Biblia ifasiriwe kwa Kiwelisi. Sheria hiyo iliagiza pia kwamba Biblia ya Kiingereza iwekwe kando ya ile ya Kiwelisi, ili watu wazilinganishe na kwa njia hiyo wajifunze Kiingereza. Biblia nzima ya Kiwelisi, kazi ya mchungaji William Morgan, ilitoka mwaka 1588. Haikuwatoa watu katika lugha yao, bali iliipa lugha hiyo maandishi ya fahari.

Sasa, kitabu kipo, lakini nani atawafundisha watu kukisoma? Hapo ndipo tunapokutana na Griffith Jones, kasisi wa kijiji cha Llanddowror. Kuanzia mwaka 1731 hivi, alianzisha shule za kuhamahama. Mwalimu alikaa mahali kwa muda wa miezi mitatu hivi, hasa majira ya baridi wakati kazi za shamba zimepungua, kisha akahamia kwingine. Watoto walisoma mchana, na watu wazima waliofanya kazi walikuja jioni. Masomo yalikuwa kwa Kiwelisi. Alipofariki mwaka 1761, shule zaidi ya 3,000 zilikuwa zimeendeshwa, na wanafunzi waliohesabiwa walizidi 150,000.

Iliwezekanaje kujifunza kwa muda mfupi hivyo? Sababu ya kwanza ni kwamba tahajia ya Kiwelisi hufuata sauti, karibu kama Kiswahili chetu. Herufi ikishajulikana, neno lasomeka. Kwa mfano, «dd» ya Kiwelisi hutamkwa kama «dh» yetu katika dhahabu. Kiingereza sivyo: herufi zilezile huweza kutamkwa hivi katika neno moja na vingine katika neno jingine. Sababu ya pili ni kubwa zaidi. Wanafunzi wale walikuwa wanayajua maneno tayari kwa masikio. Kilichobaki ni jicho kuyatambua.

Basi, jibu zuri lilikuwa limepatikana. Lilipoteaje? Mwaka 1847 wakaguzi watatu waliotumwa na serikali, ambao hawakujua Kiwelisi, walitoa taarifa juu ya shule za Wales. Waliona watoto wakisoma Kiingereza kwa sauti kama kasuku, bila kuelewa maana. Mtu angetegemea walaumu ufundishaji. Lakini lawama nyingi waliitupia lugha ya Kiwelisi, wakisema ndiyo inayowarudisha watu nyuma. Wawelisi walichukizwa sana, na mpaka leo huitaja taarifa hiyo kama usaliti.

Katika karne hiyo ya 19 shule kadhaa zilitumia kibao chenye herufi W.N. Mtoto aliyesikiwa akisema Kiwelisi alivikwa shingoni. Akimsikia mwenzake, kibao kilihamia kwa huyo, na aliyekutwa nacho mwisho wa siku ndiye aliyeadhibiwa. Si shule zote zilizofanya hivyo, na tusifiche kwamba wako wazazi waliokubali, wakiamini kwamba Kiingereza pekee ndicho kitakachowaletea watoto riziki. Sisi wa Afrika Mashariki hatuwezi kushangaa. Mwandishi Ngũgĩ wa Thiong'o ameeleza jinsi kitu kama hicho kilivyopitishwa mkono kwa mkono shuleni Kenya alipokuwa mtoto.

Mmoja wa waliovikwa kibao kile alikuwa Owen M. Edwards, aliyezaliwa mwaka 1858. Shuleni alionja aibu, lakini katika shule ya Jumapili alisoma kwa Kiwelisi na kupenda vitabu. Mwaka 1892 alianzisha gazeti la watoto kwa Kiwelisi, na mwaka 1907 akawa mkaguzi mkuu wa shule za Wales. Mwanawe, Ifan ab Owen Edwards, alifungua shule ya msingi ya Kiwelisi mjini Aberystwyth mwaka 1939, ikiwa na watoto 7 tu. Mmoja wao alikuwa mwanawe mwenyewe. Babu alivikwa kibao kwa lugha ileile ambayo mjukuu alisomeshwa.

Kutoka hapo shule za namna hii ziliongezeka, na mwaka 1971 kilianzishwa chama cha shule za chekechea za Kiwelisi. Siku hizi watoto wengi humo hutoka nyumba zinazosema Kiingereza. Mtoto kwanza husikia Kiwelisi kwa nyimbo, michezo na hadithi, ndipo asomeshwe. Kwa kawaida masomo rasmi ya Kiingereza huanza afikapo miaka 7 hivi, na nyumbani mzazi huweza kumsomea vitabu vya Kiingereza. Matatizo madogo yapo. Herufi «f» katika Kiwelisi hutamkwa kama «v» yetu, na anayetaka sauti ya «f» huandika «ff». Mtoto huambiwa kitabu hiki ni cha lugha gani, naye huzoea. Akishang'amua kwamba alama karatasini ni sauti za maneno anayoyajua, hana haja ya kulingundua jambo hilo mara ya pili.

Hata hivyo, kosa la zamani lina gharama. Mwaka 1901 karibu nusu ya watu wa Wales walijua Kiwelisi. Katika hesabu ya mwaka 2021 walikuwa kama 538,000, chini ya mmoja katika kila watano. Shule si sababu pekee, kwani wageni wengi walihamia machimboni na vijana wengi wakaondoka vijijini. Lakini mzazi anapoacha kusema na mtoto wake lugha ya nyumbani, serikali hutumia miaka mingi kuirudisha.

Fundisho letu, basi, ni hili: Sikio litangulie, jicho lifuate. Mtoto asomeshwe maneno anayoyaelewa, na lugha ya pili ijengwe juu ya ya kwanza, isiwekwe mahali pake.

Maswali ya vikundi:
1. Kwa nini wanafunzi wa Griffith Jones walijua kusoma upesi?
2. Wakaguzi wa mwaka 1847 waliona nini, na walikosea wapi?
3. Nyumbani kwako, ni nani anayemsomea mtoto, na kwa lugha gani?