Kasi ni ya Nani? Adapta ya Utatuzi na Saa ya Prosesa

Ulizia adapta kwenye duka la vifaa vya umeme Kariakoo au Luthuli Avenue, na utaletewa ya kuchajia kompyuta au ile ya kubadilishia pini za plagi. Kwa fundi anayeandika programu za maikrokontrola, adapta ni kitu kingine: kijibodi chenye mdomo wa USB upande mmoja na pini chache upande wa pili, kinachoiwezesha kompyuta kuingia ndani ya prosesa iliyoko kwenye bodi nyingine. Kupitia hapo fundi huisimamisha prosesa, husoma rejista zake, huitembeza amri moja moja, na huandika programu mpya kwenye kumbukumbu yake. Hiyo ndiyo adapta ya utatuzi, kwa kirefu adapta ya utatuzi wa hitilafu. Neno "utatuzi" lisiachwe, maana bila hilo tunarudi kwenye chaja. Ila lisitudanganye pia: adapta yenyewe haitatui chochote wala haijui hitilafu ni nini. Inapokea maagizo ya USB na kuyageuza kuwa mapigo ya umeme ambayo prosesa inayaelewa.

Njia ya mapigo hayo haikubuniwa kwa ajili ya utatuzi. Mwaka 1985 watengenezaji wa vifaa vya elektroniki waliunda kundi la Joint Test Action Group, JTAG kwa kifupi, kwa sababu bodi zilikuwa zimesongamana kiasi kwamba sindano za kupimia hazikufikia tena viungo vya kulehemu. Kiwango chao kilitolewa mwaka 1990 kwa jina la IEEE 1149.1, nacho kinataka pini nne: TCK, TMS, TDI na TDO. Baadaye watengenezaji wa chipu waliona kwamba mlango huohuo unaweza kutumika kuichungulia prosesa yenyewe. ARM nao walileta njia ya waya mbili, SWD, yenye SWCLK na SWDIO. Katika njia zote mbili kuna waya mmoja wa mapigo, na anayeyapiga ni adapta. Idadi ya mapigo hayo kwa sekunde ndiyo kasi ya adapta, na huandikwa kwa kilohezi.

Suala la nani aipange kasi hiyo linaonekana vizuri ndani ya OpenOCD, programu huria iliyoanzishwa na Dominic Rath mwaka 2005 kama kazi yake ya diploma huko Augsburg, Ujerumani. Mafaili yake ya usanidi yamegawanywa katika makundi matatu makuu: ya adapta, ya chipu, na ya bodi nzima. Mgeni hudhani kwamba kasi ya adapta itaandikwa kwenye faili la adapta. Akifungua la ST-LINK, ambayo ni adapta ya kawaida kabisa, ataona limetaja kiendeshi na namba za utambulisho wa USB. Kasi iko kwenye faili la chipu.

Iko huko kwa sababu anayepaswa kuyafuata mapigo ni prosesa. Mwalimu anayesoma imla hafuati wepesi wa ulimi wake, hufuata mkono wa mwanafunzi anayeandika. Katika prosesa kadhaa za ARM za zamani kidogo, kama ARM7TDMI-S na ARM926EJ-S, mapigo ya adapta hupokelewa kwa kulinganishwa na mapigo ya saa ya prosesa yenyewe. Prosesa inahitaji mapigo kadhaa ya saa yake ili kutambua pigo moja la adapta. Ndipo mafundi wakashika kanuni kwamba kasi ya adapta isizidi sudusi ya kasi ya saa ya prosesa, na kwa ARM11 isizidi thumuni. Prosesa za Cortex-M mara nyingi huvumilia zaidi, lakini waandishi wa mafaili wengi wamebaki na sudusi kama kinga.

Chukua bodi ya STM32F4 Discovery. Chipu yake ikiwashwa hutumia saa ya ndani ya megahezi 16. Sudusi yake ni kilohezi 2,667 hivi, na faili la chipu limeandika:

adapter speed 2000

Ukiagiza prosesa ianzishwe upya na kuandaliwa kwa kazi, faili hilohilo huipandisha saa hadi megahezi 64, kisha huandika kasi nyingine:

adapter speed 8000

Kuna na kipande cha tatu ambacho wengi hukiruka. Kila prosesa inapokaribia kuanzishwa upya, kasi hurudishwa kwanza 2000. Sababu ni kwamba kuanzishwa upya hufuta mipangilio yote ya saa, na prosesa hujikuta tena kwenye megahezi 16. Adapta ikiendelea kupiga 8000 wakati huo, kanuni ya sudusi imekwisha kuvunjwa, na kwenye prosesa isiyo na uvumilivu mawasiliano hukatika papo hapo.

Ukiifanya kazi hii kwa ST-LINK/V2 kupitia SWD, kwenye skrini itatokea taarifa kwamba kasi 2000 haikupatikana na itatumika 1800. Ukifika kwenye 8000, utaambiwa 4000. Hakuna kilichoharibika. Adapta hiyo ina ngazi zake maalumu za kasi, na ikiombwa isiyokuwa nayo hushuka hadi ngazi iliyo chini yake. Adapta zinazotumia chipu ya FT2232H hupata kasi kwa kuigawanya saa ya megahezi 60, na ukomo wake ni megahezi 30.

Mfano wa upande mwingine ni AT91SAM9260. Yenyewe huamkia kwenye saa ya polepole ya hezi 32,768. Sudusi yake haifiki hata kilohezi 6, kwa hiyo kasi ya 1000 inayoonekana ya kawaida kwa chipu nyingi ni balaa kwa hii. Baadhi ya bodi na adapta zina waya wa ziada, RTCK, ambao prosesa huutumia kurudisha kila pigo ililolipokea, na adapta haipigi jingine mpaka ipate jibu. Katika OpenOCD utaratibu huo huombwa kwa kuandika kasi ya 0. Sifuri hapo haimaanishi kusimama, inamaanisha kuifuata prosesa.

Kwa hiyo "kasi ya adapta" peke yake haitoshi kuwa istilahi, maana ndani yake mna kasi nne na kila moja ina mwenyewe. Kasi ya chaguomsingi ni ya programu: kama hakuna faili lililotaja kasi, matoleo ya karibuni ya OpenOCD hutoa onyo na kuanza na kilohezi 100. Kasi ya kuanzia ni ya prosesa iliyotoka tu kuwashwa, na kwa F4 yetu ni 2000. Kasi ya kazi ni ya prosesa iliyokwisha pangiwa saa yake, hapa 8000. Kasi halisi ni ya adapta, 1800 au 4000. Kwa Kiingereza mbili za kwanza huweza kuitwa kwa jina moja, "default". Tukilitafsiri jina hilo kwa "chaguomsingi" kila mahali, tutamfanya msomaji aamini kwamba 2000 ya F4 ni pendekezo tu, wakati imetokana na hesabu ya saa.

Mgawanyo huu unafaa pia pale mawasiliano yanapokataa. Andika amri ya kasi ya 100 baada ya mafaili yote, kwa kuwa amri inayokuja mwisho ndiyo inayoshika. Ikiunganika, tatizo lilikuwa kasi: tafuta saa ya prosesa ni ngapi wakati huo, gawanya kwa sita, kisha panda taratibu. Ikikataa hata hapo, na chipu si ya saa polepole kama AT91SAM9260, achana na namba uende kwenye waya. Angalia kama waya wa ardhi umefungwa, kama adapta inaiona volti ya bodi, na kama SWCLK na SWDIO hazikubadilishana nafasi.