Baada ya Hekalu la Kibuka Kuteketea

Kibuka alikuwa mungu wa vita wa Waganda. Hekalu lake liliteketea katika vita vya dini vya mwishoni mwa miaka ya 1880, na masalia yake yaliyosalimika yakachukuliwa na mmisionari John Roscoe, yakaishia katika makumbusho ya Chuo Kikuu cha Cambridge. Hayakurudi Uganda hadi 1962. Mkristo wa Buganda wa siku zile angeweza kuamini kwamba habari ya miungu mingine imekwisha, maana mungu wa vita mwenyewe amepelekwa ng'ambo kutazamwa na wageni.

Lakini haikuwa imekwisha, na waliokuja kuliona hilo hawakuwa wamisionari peke yao.

Kwa Mkataba wa 1900 machifu wa Buganda, wengi wao Wakristo, waligawiwa ardhi kwa maili za mraba. Muumini aliitwa msomaji, na msomaji ndiye aliyepata kazi, shamba na cheo. Rwanda nako, Wabelgiji walipomwondoa Mfalme Musinga mwaka 1931 na kumweka mwanawe Rudahigwa, machifu na watu wao walimiminika katika mafundisho ya ubatizo. Wengi waliamini kwa moyo. Hata hivyo, palipo na ngazi ya kupandia ukubwa hapakosi wapandaji, na msalaba ukawa umeegemezwa ukutani kama ngazi.

Simeoni Nsibambi aliijua ngazi hiyo vizuri. Alikuwa Mganda mwenye elimu, mtumishi wa idara ya afya ya serikali, na alitazamia kupelekwa ng'ambo kusoma. Nafasi ikamponyoka. Uchungu ulimshika kiasi cha kumtikisa imani, mpaka mwaka 1922 alipotambua kwamba elimu aliyokuwa akiililia ilikuwa imekaa mahali pa Mungu. Baadaye aliacha kazi ya serikali akawa mhubiri asiye na mshahara. Ndani ya mtu huyo mmoja limo somo la kile kilichokuja kuitwa Uamsho wa Afrika Mashariki: kuabudu kitu si lazima kipigiwe magoti. Yatosha kukosa usingizi kwa ajili yake.

Septemba 1929 daktari Mwingereza, Joe Church, alifika Kampala akiwa hoi. Alitoka Gahini, kando ya Ziwa Muhazi mashariki mwa Rwanda, alikokuwa amehudumia watu katika njaa kubwa ambayo Wanyarwanda waliiita Rwakayihura. Kwenye kilima cha Namirembe alimkuta Nsibambi amesimama kando ya pikipiki. Siku mbili wakakaa na Biblia zao, Mwingereza na Mganda, wakisoma na kuomba pamoja. Katika koloni la wakati ule, daktari mzungu kukiri mbele ya Mwafrika kwamba roho yake imekauka halikuwa jambo dogo, na bila unyenyekevu huo sidhani kama mengine yangefuata.

Mmoja wa walioguswa mapema alikuwa Yosiya Kinuka, mkuu wa wauguzi wa Gahini. Alikwenda Kampala kumtembelea Nsibambi, na mwenyeji akamuuliza habari za hospitali. Kinuka akaeleza matatizo yake. Jibu alilopewa lilimrudishia yeye mwenyewe lawama: shida ya hospitali ilianzia moyoni mwake. Njiani kurudi, neno hilo lilimchoma mpaka akatubu.

Blasio Kigozi, mdogo wake Nsibambi na mwalimu wa wainjilisti hapo Gahini, alilia juu ya ubaridi wa kanisa na walevi wanaokaribia meza ya Bwana. Alifariki Januari 1936, kijana bado, na kifo chake kikautawanya moto badala ya kuuzima. Watu walianza kurudisha walichoiba: fedha za serikali, mali ya mwajiri, ng'ombe wa jirani. Kwa Kiganda waliitwa Balokole, waliookoka.

Ushirika wao haukuhitaji mapambo. Mtu huinuka kwenye benchi, husema "Bwana Yesu asifiwe", kisha huitaja dhambi kwa jina lake mbele ya mke, jirani na mkubwa wake wa kazi: nilidanganya hesabu, nimemchukia ndugu huyu aliyekaa hapa. Akimaliza, hawampi mawaidha. Wanamwimbia "Tukutendereza", wimbo wa sifa wa Kiganda, na yule aliyechukiwa huja kumkumbatia. Huko kuliitwa kutembea nuruni. Hirizi zilitupwa pia, lakini hirizi huonekana. Kazi ngumu ilikuwa kukitaja kile kisichofungwa shingoni.

Wakubwa wa kanisa hawakufurahi wote. Mwaka 1941 wanafunzi 26 wakiongozwa na William Nagenda walifukuzwa katika chuo cha theolojia cha Mukono, Uganda. Uamsho haukukoma. Ulikuwa umekwisha kufika Kabete nchini Kenya mwaka 1937, na Katoke upande wa Bukoba mwaka 1939. Huko Bukoba ndiko alikotoka Josiah Kibira, Mlutheri wa uamsho huo, ambaye mwaka 1977 alichaguliwa rais wa Shirikisho la Kilutheri Duniani.

Mtihani mkali ulikuja Kenya baada ya hali ya hatari kutangazwa Oktoba 1952. Ndugu wa Uamsho miongoni mwa Wakikuyu walikataa kiapo cha Mau Mau, wapiganaji waliodai ardhi na uhuru, wakisema damu ya Kristo imetosha. Walikataa pia bunduki za walinzi wa serikali. Wapiganaji waliwaona wasaliti, na wakoloni wakawashuku. Wengine waliuawa. Madai ya ardhi yalikuwa ya haki, na wao waliijua njaa ya ardhi kama majirani zao. Walilokataa ni kitu chochote, hata cha haki, kudai kiapo kinachomstahili Mungu pekee.

Nao pia waliteleza. Miaka ya baadaye wenyewe kwa wenyewe waligawanyika, wengine wakihesabu hata deni kuwa alama ya kutookoka, na kanuni zikataka kukalia kiti ambacho sanamu zilikuwa zimeondolewa. Rwanda, ile ile ya Gahini, ilishuhudia mwaka 1994 Wakristo wakiua Wakristo hadi ndani ya makanisa, kwa jina la kabila. Anayeusifu Uamsho bila kulitaja hilo hajautendea haki, maana ndugu wenyewe walifundisha kutaja.

Askofu Mkuu wa Uganda, Janani Luwum, aliokoka katika Uamsho mwaka 1948. Februari 1977 yeye na maaskofu wenzake walimwandikia Rais Idi Amin barua ya kulalamikia mauaji, na tarehe 16 akauawa. Serikali ilisema ni ajali ya gari, ikazuia mwili kuletwa Kampala, na akazikwa kwao Mucwini. Namirembe kaburi lilikuwa tayari limechimbwa. Jumapili iliyofuata watu walijaa kanisani, wakatoka kulizunguka kaburi tupu. Askofu Mkuu mstaafu Erica Sabiti, naye mtu wa Uamsho, akawakumbusha maneno ya malaika kwa wanawake waliokwenda kaburini asubuhi ya Pasaka. Wakaanza kuimba, juu ya kilima kile kile alikosimama Nsibambi na pikipiki, ilhali Amin angali madarakani.