Uchungu wa Bia na Kipimo Chake



Siku ya Yubile mtungi hauwi mbali na meza. Hapa Butembo na Beni mababu zetu walitengeneza kasiksi kwa maji ya ndizi na unga wa mtama. Waliisifu kwa utamu na ukali wake, si kwa uchungu. Uchungu wa bia ya shayiri watoka katika ua liitwalo hopsi, ndilo houblon la Wafaransa, na historia yake imepita mikononi mwa wamonaki.

Mwaka 822 Abati Adalhard wa Corbie, nchini Ufaransa, alilitaja ua hilo katika kanuni za monasteri yake. Katika karne ya 12 Mtakatifu Hildegard wa Bingen aliandika kwamba uchungu wake hukinga kinywaji kisiharibike. Watrapisti wa Scourmont, Ubelgiji, walianza kupika bia mwaka 1862. Nao ndio walioanzisha monasteri ya Mokoto, katika Kivu yetu, mwaka 1954.

Kwa karne nyingi mpishi alipima kwa ulimi tu. Lakini ulimi huchoka, tena ulimi wa mmoja si wa mwingine. Siku hizi apikaye nyumbani hukadiria hivi. Akipika lita 20 na kutia gramu 30 za hopsi yenye asidi chungu 5 kwa 100, ametia gramu 1,5 za asidi, yaani miligramu 75 kwa kila lita. Walakini si yote ibakiayo katika bia, maana asidi hiyo sharti igeuzwe kwa moto ndipo iyeyuke. Kwa hesabu aliyoitoa Mmarekani Glenn Tinseth katika miaka ya 1990, saa moja ya kuchemsha hutoa karibu 23 kwa 100. Basi 75 zetu zinakuwa 17, na hicho ndicho kipimo cha uchungu.

Katika seminari ndogo tulifundishwa kwamba maji huchemka kwa digrii 100. Ndivyo ilivyo pwani ya bahari. Beni, kwenye kimo cha mita 1200 hivi, huchemka kwa digrii 96. Butembo, mita 1700 na zaidi, kwa digrii 94 hivi. Digrii hizo chache hupunguza mwendo wa asidi kugeuka, na Butembo upungufu wapita theluthi moja. Kwa hiyo atokaye Beni na karatasi yake, akipika Butembo vilevile, atapata bia isiyo na uchungu aliouzoea. Asilaumu hopsi wala mkono wake: achemshe kwa muda mrefu zaidi, ama aongeze gramu, kisha aonje na kuandika.

Tunasisitiza neno hilo, kuandika. Wazee wetu wengi wamelala na siri ya mtungi wao, kwa kuwa ilikaa mdomoni tu. Abati wa Corbie aliandika, na baada ya miaka 1200 bado twamsoma.