Elimu ya Theolojia Mkoani Mara: Kutoka Nyegina hadi Nyabange

Mafundisho ya dini ya Kikristo mkoani Mara yalitangulia vyuo vyake. Mwaka 1911 Wamisionari wa Afrika, waliojulikana zaidi kama Mapadre Weupe, walifungua misheni ya Nyegina, jirani na Musoma. Aliyetaka ubatizo alipitia kwanza ukatekumeni, yaani mafundisho ya maandalizi. Julius Nyerere wa Butiama alianza mafundisho hayo akiwa mwanafunzi wa Shule ya Mwisenge, akabatizwa Nyegina tarehe 23 Desemba 1943. Uzeeni alizitafsiri Injili na Matendo ya Mitume kwa tenzi za Kiswahili.

Kwa Waprotestanti, Wamennonite kutoka Marekani walifika Shirati mwaka 1934, na punde wakafungua kituo cha Bukiroba, nje ya mji wa Musoma, palipoanzishwa shule ya Biblia. Mmoja wa wanafunzi wake wa mwanzo, Zedekiah Kisare, alihamia hapo na mkewe. Mwaka 1950 kanisa la Wamennonite liliwawekea mikono wachungaji wake wa kwanza Waafrika, na mwaka 1967 Kisare akawa askofu wake wa kwanza Mwafrika. Kazi iliyoanzia Bukiroba ikaendelezwa na Chuo cha Theolojia cha Mennonite, Nyabange.

Waanglikana walipata Dayosisi ya Mara mwaka 1985, na Bunda wana chuo cha Biblia. Vijana Wakatoliki husoma seminari ndogo ya Makoko, kisha huenda mbali: falsafa Ntungamo au Kibosho, theolojia Kipalapala au Segerea.

Lugha ya elimu hii ni Kiswahili, kwa kuwa Mjita, Mkuria, Mzanaki, Mkwaya na Mluo hukutana darasa moja. Hata wamisionari wengi wa kigeni walianza utume wao kwenye madawati ya shule ya lugha ya Makoko.

Kwa vyuo vya Waprotestanti, mwaka mpya wa masomo huanza kuandaliwa usharikani. Wazee wa kanisa humpendekeza mwenzao ambaye mara nyingi tayari anahubiri, dayosisi humpitisha, na waumini husaidia ada. Wengi wa wanafunzi hao wana familia, hivyo shamba hubaki mikononi mwa mke na watoto. Chuoni husoma Agano la Kale na Jipya, historia ya kanisa, mahubiri na uchungaji. Baada ya mahafali hurudi kuwahudumia waliowatuma, na usharika huona matunda ya ada yake.