Tukutane Wapi?

Kila Ijumaa jioni simu yangu hujaa mabango. Kinyozi wa Kangemi amepata chumba kikubwa zaidi na anataka watu waje wakione. Mathe wa mitumba amefungua bale mpya. Wasee wa mashairi wana usiku wao tao. Kanisa lina harambee, vijana wa boda wana mechi, na kuna mtu huko Lavington anauza keki, chai na "uzoefu", sijui uzoefu huo unapimwa kwa kilo au kwa debe. Rangi za mabango hazifanani, lakini yote yanakuambia mambo matatu: nini, lini, wapi. Hayo mawili ya kwanza hayasumbui mtu. Hilo la tatu ndilo linalokula pesa.

Nimekuwa nikilifuatilia hilo la tatu kurudi nyuma, mwaka hadi mwaka, kuona Nairobi imekuwa ikikutana wapi inapokuwa na cha kuuza au cha kusema. Limenipeleka kwa mtu tunayemtaja kila siku bila kumfikiria. "Uko wapi?" "Niko Jevanjee." Yaani pale kati ya Moi Avenue na Muindi Mbingu, penye mahubiri ya saa saba na viti vya saruji.

Alibhai Mulla Jeevanjee alizaliwa Karachi mwaka 1856 na kufika Mombasa mwaka 1890. Utajiri wake ulitoka kwa kandarasi: alileta vibarua kutoka Bara Hindi, akawapelekea wajenzi wa reli chakula, akajenga ofisi za serikali Nairobi ilipokuwa bado mabati na matope. Kuleta vibarua wa reli haikuwa kazi ya huruma. Wengi walikufa, na wenye kandarasi walilipwa. Siandiki hapa ili kumtengenezea sanamu, ambayo kwanza anayo tayari.

Kinachonivutia ni kwamba alielewa mapema kuwa biashara inahitaji mahali pa kusemea. Mwaka 1902 alianzisha Mombasa gazeti la kila wiki, African Standard. Miaka mitatu baadaye akawauzia Waingereza wawili, nao wakaliita East African Standard, na mwaka 1910 likahamia Nairobi. Mikononi mwa hao wenyewe wapya likawa sauti ya masetla, wale wale waliokuwa wakipigana Wahindi wasimiliki ardhi ya nyanda za juu. Gazeti la Mhindi likageuka kuwatukana Wahindi. Ndilo Standard unaloliona leo kwa muuza magazeti.

Nairobi ya wakati huo, mwenye duka hakuwa na uhakika wa kesho. Reli ilifika hapa mwaka 1899, na mwaka 1902 tauni ilipozuka, wakuu wa serikali waliamuru mtaa wa maduka ya Wahindi uchomwe. Si kunyunyiziwa dawa, kuchomwa. Maduka, magunia, madeni ya wateja yaliyoandikwa kwenye vitabu, vyote moshi. Bazaa ilijengwa upya mahali pengine, na baada ya uhuru mtaa wake ukaitwa Biashara Street. Ukienda leo kununua kikoi au shuka ya mtoto mchanga, unatembea katika mtaa wa watu waliowahi kuanza tena kutoka kwa jivu.

Jeevanjee alijenga soko lililobeba jina lake, kisha mwaka 1906 akautolea mji bustani. Ndani yake akaweka sanamu ya Malkia Victoria, iliyozinduliwa na Duke wa Connaught, mtoto wa malkia mwenyewe. Zawadi kwa umma na ujumbe kwa serikali, zote katika kifurushi kimoja: tazameni, na mimi ni raia wa himaya, nipeni haki zangu. Haki hazikuja kwa kasi ya zawadi. Aliteuliwa kuwa Mhindi wa kwanza katika Baraza la Kutunga Sheria, akaendelea kugombana na masetla, na alipofariki mwaka 1936 Wahindi walikuwa bado hawaruhusiwi kumiliki shamba huko juu. Victoria naye alikaa kwenye nguzo yake hadi mwaka 2015, watu wakamwangusha. Bustani haikuenda popote.

Barabara inayopakana na bustani hiyo ina hadithi yake ya biashara, na nitaipitia kwa haraka. Mwaka 1938 serikali ya kikoloni iliwapunguzia Wakamba ng'ombe kwa nguvu, ikisema wanaharibu udongo. Mwaka huo huo kiwanda cha nyama cha Liebig kilikuwa kinafunguliwa Athi River na kilihitaji ng'ombe wa bei rahisi. Unganisha mwenyewe. Maelfu ya Wakamba, wakiongozwa na Samuel Muindi Mbingu, walitembea hadi Nairobi, wakapiga kambi Kariokor, wakasema hawaondoki mpaka wamwone gavana. Muindi alikamatwa akapelekwa uhamishoni Lamu, lakini uuzaji wa lazima ukasimamishwa. Hilo nalo lilikuwa tukio la jamii kuhusu biashara, ingawa hakuna aliyelichapishia bango. Waliambiana kwa mdomo, na mahali pa kukutana walijitwalia.

Sasa tuje kwenye miaka ambayo wazazi wetu wanaikumbuka. Mwaka 1989 serikali ya Moi ilitangaza jengo la ghorofa 60 ndani ya Uhuru Park. Lingekuwa na makao ya KANU na ya gazeti la chama, Kenya Times, na sanamu kubwa ya rais. Hapo ndipo niliposimama nikacheka peke yangu. Mwanzoni mwa karne, mwenye gazeti aliupa mji bustani. Mwishoni mwake, gazeti lilitaka kuikalia bustani. Wangari Maathai aliandika barua moja baada ya nyingine, wabunge wakamtukana bungeni, shirika lake la Green Belt likafukuzwa ofisini. Wafadhili wa kigeni walijiondoa na mradi ukafa.

Miaka miwili baadaye, 1991, zamu ikawa ya Jevanjee. Tume iliyokuwa ikiendesha jiji ilikuwa na mpango wa kujenga maegesho ya magari ya ghorofa na maduka juu ya bustani. Hoja ilikuwa ya kibiashara na ilisikika vizuri: tao hakuna parking, wateja wanakimbilia Westlands, na bustani yenyewe imejaa watu waliolala kwenye nyasi. Zarina Patel, mjukuu wa Jeevanjee, aliongoza kampeni ya kuipinga. Hakuwa anagombea mali ya familia, maana bustani haikuwa tena ya familia. Alisema ni ya wananchi. Waliolala kwenye nyasi ndio wenyewe. Mpango ukarudishwa kabatini, na yeye akaendelea kuchimba hadi akaandika kitabu kizima kuhusu babu yake.

Kumbuka huo ni wakati gani. Kukusanyika bila kibali lilikuwa kosa. Februari 28, 1992, akina mama wa wafungwa wa kisiasa walianza kususia chakula Uhuru Park, katika kona ile ile tunayoiita Freedom Corner, wakapigwa na polisi siku chache baadaye. Kama jengo la ghorofa 60 lingekuwa limesimama pale, wangekaa wapi? Kwenye ngazi zake? Soja angewauliza wanamwona nani.

Na ile hoja ya wateja kukimbilia Westlands haikuwa ya uongo. Sarit Centre ilifunguliwa mwaka 1983, na huhesabiwa kuwa jumba la maduka la kwanza la aina yake Nairobi. Kwa mara ya kwanza mtu aliweza kununua mkate, kukata nywele, kutazama sinema na kukutana na rafiki bila kunyeshewa. Text Book Centre, duka lililozaliwa Kijabe Street tao, lilifungua tawi humo. Maonyesho ya Kimataifa ya Vitabu ya Nairobi nayo yalifanya makao katika ukumbi wa maonyesho wa Sarit, na kwa msomaji wa kizazi changu, Septemba ilimaanisha kupanda matatu ya Westi na kurudi na mfuko wa karatasi. Sitajifanya nilichukia. Hewa ilikuwa safi, vyoo vilikuwa safi, vitabu vilikuwa na punguzo.

Lakini kuna kitu kilibadilika kimya kimya. Bustani ina mwisho wa nyasi. Jumba la maduka lina mlango, na mlango una mwenyewe. Kule Jevanjee unaweza kukaa saa tano na shilingi sifuri mfukoni, ubishane na watu wa Bunge la Mwananchi kuhusu bajeti, kisha uende zako. Ndani ya jumba la maduka jaribu kukaa saa tano bila kununua kitu. Hakuna atakayekufukuza kwa maneno. Utapanguziwa meza mara nne.

Jumamosi ya Septemba 21, 2013, kwenye maegesho ya juu ya Westgate, jumba lililofunguliwa Westlands mwaka 2007, kulikuwa na mashindano ya mapishi ya watoto. Redio ilikuwa imeyatangaza, wazazi wakawaleta watoto wao. Ni tukio la kawaida kabisa la wikendi, la aina inayojaza simu yangu kila Ijumaa. Magaidi wa al-Shabaab waliingia mchana huo na kuwaua watu 67, wengine wao pale pale juu, kwenye meza za mapishi. Westgate ilifunguliwa tena Julai 2015. Tangu hapo mlango wa kila jumba la maduka una mashine ya kukagua mifuko, na sisi tumezoea kuinua mikono bila kuambiwa. Sisemi ukaguzi ni mbaya. Nasema tumeuweka umma wetu ndani ya nyumba za watu, na nyumba ya mtu lazima ilindwe hivyo. Kijana wa Kangemi aliyevaa kofia anajua ukaguzi unavyokuwa mrefu zaidi kwake.

Kangemi yenyewe iko kilomita chache tu juu ya barabara hiyo hiyo, Waiyaki Way. Novemba 27, 2015, Papa Francis alifika parokia ya Mtakatifu Yosefu Mfanyakazi, na siku hiyo wauza soda, bendera na rozari walifanya kazi ambayo hawajaiona tena. Watu wengi wanakumbuka nyimbo. Mimi nakumbuka kwamba alisimama katikati ya mtaa wa mabati akazungumzia ardhi: mgawanyo usio wa haki, na wanyakuzi wasiojulikana sura wanaotaka hata viwanja vya shule vya watoto. Hakuna aliyehitaji maelezo. Januari ya mwaka huo huo, watoto wa Lang'ata Primary walikuwa wamepigwa gesi ya machozi kwa kupinga ukuta uliozungushiwa uwanja wao wa michezo.

Halafu ikaja barabara ya juu, Nairobi Expressway, iliyofunguliwa mwaka 2022. Wakati wa ujenzi, mwaka 2020, mugumo mkubwa wa Westlands wenye umri wa zaidi ya miaka mia ulikuwa ukatwe, watu wakapiga kelele hadi rais akatoa amri ubaki. Nafurahi mti umebaki. Ila wachuuzi wa kando ya barabara hiyo hawakupata amri ya rais. Ukitaka kujua kanjo anafikiria nini kuhusu mahali pa umma, muulize mama wa ndizi. Kwake bango la biashara na notisi ya kuhama huja wiki moja.

Hapa ndipo naona kosa katika namna tunavyosimulia mambo ya bustani na viwanja, kana kwamba ni ugomvi wa watu wa miti na watu wa pesa. Mfanyabiashara mdogo ndiye anayehitaji uwanja wa bure kuliko mtu mwingine yeyote. Mwenye kampuni kubwa atalipia ukumbi wa hoteli, ataweka zulia, ataita wanahabari. Kinyozi wa Kangemi hana ukumbi. Mshairi hana. Kikundi cha akina mama wanaotengeneza sabuni ya maji hakina. Ukiwapokonya nyasi hujawapokonya mapumziko peke yake. Umewapokonya soko.

Julai 7, 2024, wiki mbili baada ya vijana kuuawa kwa risasi kwenye maandamano ya Mswada wa Fedha, tamasha la kuwakumbuka lilifanyika Uhuru Park. Bango lilizunguka kwenye simu kama mabango mengine yote: nini, lini, wapi. Kulikuwa na wauza maji, wauza bendera, smokie pasua na mayai boilo kwenye lango. Hawakuwa wageni pale. Wangeenda wapi kwingine?

Kawangware haina Uhuru Park. Kwa hiyo Jumamosi ukifika huko utakuta barabara ya mtaa imezibwa kwa hema, viti vya plastiki vimepangwa juu ya lami, spika mbili zimeelekezwa kwa wapangaji ambao hawakuulizwa. Inaweza kuwa uzinduzi wa duka, inaweza kuwa mchango wa hospitali, inaweza kuwa vyote viwili. Dereva wa boda atalalamika, kisha atazunguka nyuma ya mabanda. Na kando ya hema, kwa rangi nyekundu, kutakuwa na namba ya simu ya mwenye hema, kwa sababu na yeye hana mahali pengine pa kujitangaza.