Kiolezo cha mradi

kiolezo nm [ki-/vi-] 1. kitu kinachofuatwa katika kutengeneza kingine kinachofanana nacho. *Fundi alikata shati kwa kufuata kiolezo cha karatasi.* 2. (Komp) mradi mtupu wenye mafaili na mipangilio ya awali, unaonakiliwa ili programu mpya iandikwe juu yake. *Vite ina violezo kadhaa vya kuanzia, kimojawapo cha React na TypeScript.*

Neno hili limetokana na kitenzi *-oleza*, kutengeneza kitu kwa kufuata mfano uliopo. Mshindani wake mkubwa ni *kigezo*, kutoka *-geza*. Wikipedia ya Kiswahili imechagua *kigezo* kwa kurasa zake za mfano, na uchaguzi huo hauna kosa la kisarufi. Tatizo ni kwamba *kigezo* kimeshabeba mizigo mingi: ni sharti la kupimia jambo, kama katika tangazo la kila siku *vigezo na masharti kuzingatiwa*, na kwa waandishi wa programu ni thamani inayopewa amri ili ifanye kazi. Sentensi kama *badilisha kigezo cha kigezo* haimsaidii mtu. Kwa hiyo katika maandishi ya kompyuta ni bora *kiolezo* kibaki na maana ya mradi wa kuanzia, na *kigezo* kibaki na maana ya sharti au thamani. Mfasiri asichanganye *kiolezo* na *kiolesura*, ambacho ni sehemu ya programu inayoonekana na kuguswa na mtumiaji.

Istilahi za fani hii hazikuanza jana. Mwaka 2004 mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, programu za ofisi zilizotafsiriwa kwa Kiswahili. *Kivinjari*, kutoka *-vinjari*, yaani kuzungukazunguka kama chombo kinachopiga doria baharini, ni mojawapo ya maneno yaliyokubalika vizuri. *Tarakilishi* imeshika zaidi Kenya, ilhali Tanzania imebaki na *kompyuta*. Maneno ya uandishi wenyewe wa programu ndiyo yaliyobaki nyuma, na hapo ndipo mwalimu anapokwama.

Matumizi: programu yenye aina

Chukua mfano wa programu ya wavuti ya kupokelea mpunga ghalani katika kata ya Kasansa, Halmashauri ya Mpimbwe, mkoani Katavi. Karani anaandika jina la mkulima, namba ya simu, idadi ya magunia na uzito. Katika JavaScript, lugha ya vivinjari vyote, kila kinachochapwa kwenye kisanduku cha fomu hupokelewa kama maandishi. Mkulima akileta magunia 120 asubuhi na 35 jioni, alama ya kujumlisha itayaunganisha maandishi hayo mawili na kutoa 12035. Hakuna onyo lolote. Kosa hilo huonekana siku ya malipo, mbele ya watu.

TypeScript, iliyotolewa na Microsoft mwaka 2012, iliundwa kuzuia makosa ya namna hiyo. Mwandishi hutangaza *aina* ya kila thamani:

`type Ingizo = { mkulima: string; simu: string; magunia: number; kilo: number }`

Hapa *string* ni maandishi na *number* ni namba. Maneno haya ni ya lugha ya programu na hayafasiriwi, lakini majina anayobuni mwandishi, kama *Ingizo* na *magunia*, yanaweza kuwa ya Kiswahili bila hasara. Maandishi yakipelekwa penye namba, kikaguzi hukataa kabla programu haijamfikia karani. Namba ya simu imewekwa kuwa maandishi kwa makusudi: haijumlishwi na kitu, na ikigeuzwa namba sifuri yake ya mwanzo hupotea.

*Aina* ndilo neno linalofaa, ingawa wanafunzi wamelizoea katika *aina za maneno*. Penye utata, andika *aina ya data*. Mwalimu wa sarufi atatambua haraka kinachotendeka: asemaye *kiti umevunjika* husahihishwa na kila msikilizaji, kwa kuwa ngeli ya nomino imeshaamua kiambishi cha kitenzi. Kikaguzi cha aina ni msikilizaji wa namna hiyo.

Kuanzisha mradi

Programu ya Node.js ikiwa imeshawekwa kwenye kompyuta, amri ni hizi:

`npm create vite@latest ghala -- --template react-ts`
`cd ghala`
`npm install`
`npm run dev`

Ya kwanza hunakili kiolezo katika folda iitwayo *ghala*. Ya tatu hupakua maktaba zinazohitajika. Ya nne huwasha seva ya majaribio, ambayo kwa kawaida hufunguliwa katika kivinjari kwa anwani `localhost:5173`. Ya tatu ndiyo ya gharama. Anayetumia bando la simu afanye kazi hiyo mara moja penye mtandao mzuri. Baadaye `npm install --prefer-offline` itatumia kwanza nakala zilizokwisha kupakuliwa. Folda ya *node_modules* haiwekwi katika hifadhi ya Git, na kiolezo chenyewe kimeshaiondoa. Faili la *package-lock.json* huwekwa, ili mwenzako apate matoleo yaleyale ya maktaba.

Jambo moja huwapotosha wengi. Vite huondoa alama za aina ili kivinjari kiweze kusoma msimbo, lakini haizikagui. Ukurasa unaweza kufunguka vizuri wakati msimbo una kosa la aina. Ukaguzi hufanywa na kihariri unapoandika, na na amri `npm run build`, ambayo katika kiolezo hiki humwita kikaguzi kwanza na kusimama kosa likipatikana. Hakikisha pia kwamba faili la mipangilio ya TypeScript lina `"strict": true`. Mpangilio huo ukizimwa, ukaguzi huwa wa juujuu.

Kisha fungua *index.html*. Kiolezo huja na `lang="en"`, yaani ukurasa ni wa Kiingereza. Ibadilishe iwe `lang="sw"`. Programu zinazowasomea wasioona hutegemea alama hiyo kuchagua matamshi, na kivinjari huitumia kuamua kama kipendekeze tafsiri. Ni herufi mbili tu, na tovuti nyingi za Kiswahili hazinazo.

Mipaka ya aina

Aina hazijui kila kitu. *Magunia* na *kilo* zote ni namba. Karani akizibadilishana mahali, kikaguzi hakitasema neno. Tofauti hiyo si ndogo penye lumbesa, gunia lililojazwa kupita kimo chake, kwani magunia mawili huhesabiwa sawa huku uzito ukiwa mbalimbali. Kwa hiyo uzito uandikwe daima, usikisiwe kutokana na idadi. Vilevile `Number("")` hutoa sifuri: kisanduku kilichoachwa wazi hugeuka mkulima aliyeleta magunia 0. Sharti la kukataa kisanduku kitupu huandikwa kwa mkono.

Upatanisho wa kisarufi katika ujumbe

Hapa ndipo mfasiri anapopaswa kukaa na mwandishi wa programu. Ujumbe wa Kiingereza huwa na nafasi moja ya nomino na kitenzi kisichobadilika. Ukifasiriwa hivyohivyo huzaa *magunia imehifadhiwa*, lugha ambayo mtumiaji huisoma na kudhani programu nzima ni ya ovyo. Kugawanya umoja na wingi pekee hakutoshi, maana *gunia limehifadhiwa* na *kitabu kimehifadhiwa* zote ni umoja. Dawa ni kuifanya ngeli yenyewe kuwa aina:

`type Ngeli = 'a-wa' | 'ki-vi' | 'li-ya' | 'i-zi'`

`const viambishi: Record<Ngeli, [string, string]> = { 'a-wa': ['ame', 'wame'], 'ki-vi': ['kime', 'vime'], 'li-ya': ['lime', 'yame'], 'i-zi': ['ime', 'zime'] }`

Kila nomino ya programu hupewa ngeli yake, na ujumbe huchukua kiambishi kutoka jedwali hilo. Mtu akiongeza *'u-i'* kwenye orodha ya ngeli kwa ajili ya *mzigo* na kusahau kuandika *ume* na *ime*, kikaguzi hukataa mpaka safu hiyo ikamilike. Nomino za viumbe zenye umbo la ngeli nyingine, kama *kijana* au *karani*, ziingizwe katika *a-wa*: *karani amehifadhiwa* ni sahihi kisarufi, ingawa ghalani ni heri aandikwe *amesajiliwa*.